Projekta iliwafurahisha, maswali wakakosa

SWALI: Shikamoo Mkufunzi. Mimi ni mwanachuo wa ualimu mwaka wa pili, nipo BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya msingi huku Rungwe. Nafundisha Darasa la Tano, na asubuhi namsaidia mwalimu wa Darasa la Pili kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Wiki iliyopita niliazima projekta, nikaandaa slaidi 22 za mzunguko wa maji na video ndani yake. Watoto 71 walishangilia mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Kesho yake nikawapa maswali matano ya kawaida tu. Waliopata matatu na kuendelea ni 19. Mwalimu wangu mlezi, ambaye yuko kazini zaidi ya miaka ishirini, akaniambia, "Hayo ni mapambo, shika chaki." Chuoni tuliambiwa mwalimu asiyetumia TEHAMA gari limemwacha. Natakiwa kuandika tafakuri ya kurasa tano kuhusu teknolojia darasani na sijui nianzie wapi. Projekta nimesharudisha. Nimebaki na simu yangu na bando la kuungaunga. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole na baridi. Nakuita mwalimu ingawa cheti bado hujakishika, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi wenye vyeti hatulifanyi: umerudi kesho yake ukahesabu. Nimesoma maandalio ya masomo kwa miaka mingi, ya wanachuo na ya walimu wakongwe, na pale chini kwenye tathmini na maoni karibu wote tunaandika sentensi ileile: "Somo limeeleweka kwa asilimia 90." Hiyo tisini hutoka wapi? Huandikwa ofisini saa nane mchana, mwandishi ana njaa, mara nyingine kabla hata kipindi hakijafundishwa. Wewe umeniletea 71 na 19. Tuanzie hapo.

Kwanza niitetee projekta kidogo. Kipindi chako ni dakika 40. Kutafuta waya, kusogeza madawati, kusubiri kompyuta iamke, kufunika madirisha kwa khanga ili ukuta uonekane: tuseme dakika kumi, na hapo nimekuonea huruma. Zinabaki 30. Ukizigawa kwa slaidi 22, kila slaidi imepata dakika moja na sekunde ishirini na kidogo, na bado sijatoa muda wa video wala wa makofi. Ndani ya muda huo mtoto asome neno kama "mvukizo", aangalie mshale unakokwenda, aunganishe na slaidi iliyopita, ambayo imeshaondoka na hairudi. Ungeandika mambo 22 ubaoni kwa kipindi kimoja? Mkono ungechoka ukifika la nane, nao wangepumua. Projekta haichoki, ndiyo shida yake.

Swali ninalotaka ujiulize ni hili: katika hizo dakika 30, mikono ya watoto ilikuwa inafanya nini? Kuna aliyechora mshale hata mmoja? Kuna aliyemweleza jirani yake kwa nini wingu halidondoki lote kwa mkupuo? Barua yako inataja ulichofanya wewe na kilichofanywa na mashine. Watoto wametajwa mara mbili tu, walishangilia na walikosa. Katikati hawapo.

Usidhani nakucheka. Nikiwa mkufunzi kijana nilibeba projekta ya zile karatasi za nailoni, ile nzito yenye taa kubwa, mpaka shule moja ya milimani, nikaiwasha kwa jenereta la kuazima. Somo lilikuwa sehemu za ua. Mtoto mmoja wa dawati la pili alikuwa akifuatilia vumbi linaloelea kwenye mwanga, analikamata kwa vidole, linatoka, analifuata tena. Nilipouliza swali akanyoosha mkono wa kwanza kabisa, nikafurahi, kumbe anataka kujua kwa nini hilo vumbi haliishi. Nikamwambia akae chini. Dakika tano baadaye taa ikaungua, nikamalizia kwa maneno matupu. Na nje ya dirisha, mwalimu, hatua kumi tu kutoka pale niliposimama, kulikuwa na maboga yametoa maua ya njano makubwa kama sahani. Sikuyaona mpaka nilipokuwa naifunga mashine yangu kamba kwenye pikipiki.

Wewe sasa umepewa mzunguko wa maji, na upo Rungwe, kwenye miteremko inayopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kupiga hodi. Anza na sufuria. Jiko la mkaa, maji nusu, mfuniko wa chuma. Kabla hujafunika, kila mtoto aandike kwenye daftari lake atakachokiona ndani ya mfuniko maji yakichemka. Wapo watakaoandika "moshi", na hilo ni jibu la thamani sana, lisahihishe baadaye siyo sasa. Maji yakishachemka, inua mfuniko kwa kitambaa wewe mwenyewe, uinamishe, matone yadondokee kwenye sahani mbele ya macho yao. Wachore. Wapeleke nje waangalie mlima Rungwe umevaa nini siku hiyo.

Hapo ndipo projekta, kama ungekuwa nayo, ingekuwa na kazi, kwa sababu sufuria haiwezi kuonyesha bahari, na wengi wa watoto wako hawajaiona. Video ya dakika tatu inatosha. Tena zima sauti, wao ndio wasimulie: huyu aseme maji yanatoka wapi, yule aseme yanakwenda wapi, wa tatu ambishie. Kuzima sauti kuna faida nyingine ambayo watengeneza video hawaijui. Mvua ya Tukuyu ikianza kupiga bati, hata spika ya harusini haifui dafu.

Nimekupa mfano huo kwa urefu kwa sababu nadhani ndani yake ndiko jibu la ugomvi wako na mwalimu mlezi linakopatikana. Yeye anasema mapambo, chuo kinasema gari limekuacha. Wote wanazungumzia chombo. Mimi nimeshuhudia projekta ikizalisha somo zuri, na nimeshuhudia chaki ikilaza darasa zima usingizi saa tatu asubuhi.

Na hili siyo la Rungwe peke yake. Serikali ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi vijijini, kwa mamia ya maelfu. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012, iliyopima shule 319, haikuona tofauti kwenye alama za hisabati na lugha kati ya shule zilizopewa na zisizopewa. Watoto walijua zaidi kutumia kompyuta, na vipimo vya uwezo wa kufikiri kwa jumla vilipanda kidogo, basi. Sasa weka pembeni yake jambo lililofanyika hapahapa kwetu. Kati ya 2017 na 2019, kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Zaidi ya asilimia 90 yao walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Ukiuliza kwa nini Tanga ikasogea na Peru ikakwama, sababu zitakuwa nyingi, ila moja mimi naishikilia: zile programu za Tanga zilimtaka mtoto ajibu kila baada ya muda mfupi, aguse, aandike kwa kidole, akikosea arudie. Kompyuta za Peru ziligawiwa bila mpango unaoeleweka wa nini kifanyike nazo kwenye somo.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya kishikwambi kuzaliwa. Muulize babu au bibi yako kuhusu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Teknolojia ilikuwa redio, nayo haisikilizi wala haijibu. Lakini watu hawakuachwa na redio peke yake. Walikaa vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu mkononi, wakasikiliza kipindi cha malaria au kichocho, kisha wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba choo au kufyeka majani. Walioshiriki walikuwa karibu milioni mbili. Ukitoa kikundi, kijitabu na jembe, inabaki redio inayoongea peke yake kilabuni.

Turudi kwenye simu yako, maana hapo ndipo unaponiambia "nimebaki na" kama mtu aliyenyang'anywa. Mwanangu, kwa kazi ya BTP hiyo simu ni bora kuliko projekta uliyorudisha, ila umezoea kuielekeza ukutani. Igeuze imwelekee mtoto.

Nikuonyeshe namaanisha nini. Kesho kwenye Hisabati wape Darasa la Tano 402 kutoa 178, pamoja na nyingine nne za aina hiyo. Usisahihishe kwa vema na kosa. Piga picha kurasa za madaftari, chap chap, wakiwa mapumziko. Usiku, ukishakula, zipitie ukiwa umetulia. Jibu ni 224. Utaona wengine wamepata 376, na utashangaa wapo wengi na hawakukaa dawati moja. Ukiwa darasani na madaftari 71 yamekulalia mezani, 376 ni kosa tu, unapiga mkasi unaendelea. Usiku kwenye picha, madaftari sita yakiwa yamefuatana, unaanza kuona kitu: 2 kutoa 8 haiwezekani, basi mtoto amegeuza, 8 kutoa 2, kaandika 6. Sifuri kutoa 7, kageuza tena, 7. Nne kutoa moja, 3. Huyo mtoto hakubahatisha. Ana kanuni yake, "toa ndogo kwenye kubwa", anaifuata kwa uaminifu mkubwa, na kila siku anapigwa mkasi bila mtu kumwambia kwamba kanuni yenyewe ndiyo mbovu. Kumwambia "rudia vizuri" ni kumtuma akarudie kosa kwa mwandiko mzuri zaidi.

Keshokutwa waite hao kumi au kumi na tano pembeni na vijiti, mafungu ya makumi na mamia, wafungue fungu la mia kwa mikono yao. Dakika 15. Hilo ndilo somo ambalo simu imekupa, na watoto hawakuiona skrini hata kidogo.

Wala si wazo langu. Mwaka 1978 Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi yao kuhusu programu ya kompyuta waliyoiita BUGGY. Kompyuta ilijifanya mwanafunzi mwenye kanuni mbovu moja ya kutoa au kujumlisha, na mwalimu mwanafunzi kama wewe alitakiwa kumpa hesabu mpaka agundue kanuni hiyo ni ipi. Kompyuta ilikuwa haijamfundisha mtoto chochote. Ilikuwa inamfundisha mwalimu kumwona mtoto. Miaka hiyo mashine ya namna hiyo ilikuwa ya kuhesabika, leo kamera unayo mfukoni na wanafunzi wa kweli 71 mbele yako.

Kwa Darasa la Pili tumia kinasa sauti. Watoto watano kwa siku, mmoja mmoja, chini ya mparachichi au popote palipo kimya, kila mtu dakika moja na kifungu kilekile. Jioni weka spika za masikioni usikilize. Darasani sikio lako linasikia "anajua" au "hajui", basi. Kwenye sauti iliyorekodiwa, ukirudia mara ya pili, utasikia kwamba huyu anasoma silabi vizuri kabisa mpaka akutane na "mbw" au "ng'", yule anaangalia "ma" mwanzoni anakisia "mama" wakati kitabu kimeandika "maji", na wa tatu anasoma kila neno sawasawa lakini kwa mwendo ambao akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo. Hao ni watoto watatu wenye dawa tatu tofauti, na kwenye orodha ya alama wote wangeandikwa "wastani". Angalizo moja: watoto wako wengi nyumbani wanazungumza Kinyakyusa. Lafudhi si kosa la kusoma, usiihesabu.

Kisha mchezeshee mtoto sauti yake mwenyewe. Atacheka, ataficha uso kwenye mikono, halafu ghafla atasema, "Hapo nimekosea." Sijaona zana ya kufundishia inayofanya hilo kwa gharama ndogo hivyo.

Kabla ya yote haya mwambie mwalimu mkuu unachotaka kufanya na kwa nini, na mwalimu mlezi ajue. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, na mwalimu mgeni anayepiga picha na kurekodi watoto bila maelezo anajitafutia maneno kijijini. Piga ukurasa, siyo uso. Ukishamaliza kazi na rekodi, futa. Na tafadhali sana, zisionekane kwenye status yako ya WhatsApp na vikatuni vya kucheka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtoto anayehangaika na silabi si kichekesho cha wanachuo wenzako.

Bando la kuungaunga lisikuumize kichwa. Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bure. Ukishuka Tukuyu mjini au ukipita Mbeya, pakua vya madarasa yako mawili ubaki navyo kwenye simu. Hakikisha tu unachopakua kinalingana na mtaala ambao darasa lako linautumia, maana mtaala mpya ulianza Januari 2024 na haukuingia madarasa yote kwa pamoja. Uliza pia ofisini kama mwalimu yeyote bado ana kishikwambi kinachofanya kazi. Baada ya Sensa ya 2022 vile vishikwambi vya makarani viligawiwa kwa walimu, na skrini yake ni kubwa kuliko ya simu kwa kupitia picha za madaftari usiku.

Sasa mwalimu mlezi. Alichosema kina ukweli nusu, na nusu hiyo ameipata kwa jasho. Mtu aliyefundisha miaka zaidi ya ishirini anapita kati ya madawati, anatupa jicho begani kwa mtoto, anajua. Kamera yake ni hiyo. Wewe huna bado, na huwezi kuisubiri miaka ishirini. Nenda na zile picha za 376, mwonyeshe kwa heshima, mwambie, "Mwalimu, naomba unisaidie, hawa wamefanyaje?" Nina hakika atavuta kiti. Ukimpelekea slaidi utapata mapambo, ukimpelekea kazi za wanafunzi wake mwenyewe utapata mwalimu.

Na chuo? Hapa nabeba lawama yangu. Tunawakaririsha TPACK ya Mishra na Koehler ya mwaka 2006, miduara mitatu ya maarifa ya somo, ya ufundishaji na ya teknolojia, na mkisema vizuri pale inapokutana mnapata alama. Halafu tunakuja kuwatathmini BTP, tukikuta kompyuta mpakato imewashwa tunatikisa kichwa kwa kuridhika, duara moja linameza mengine mawili na sisi tunaandika "zana nzuri". Mimi mwenyewe nimewahi kumpa mwanachuo alama za juu kwa somo ambalo, nikiri, sikumwangalia mtoto hata mmoja daftari lake. Kwa hiyo mkufunzi wako akija na akaonekana kusikitika kwamba hakuna projekta, mpe simu, mwonyeshe picha.

Kuhusu kurasa tano, nakuomba kitu kimoja: usianze na "Katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba nikiiona naenda kwanza kuchemsha chai. Anza na kile kipindi chako, dakika kwa dakika. Dakika ya kwanza hadi ya kumi ulikuwa unafanya nini, wao walikuwa wanafanya nini. Andika hata yale yasiyokupendeza, kama ulikimbiza slaidi za mwisho kwa sababu kengele ilikuwa inakaribia. Weka yale maswali matano kama yalivyo, na useme swali gani lilikoswa na wengi zaidi, kwa sababu huenda walikosa lilelile na hapo pana habari nyingine kabisa. Kisha sufuria, kisha 376. Ukifika hapo kurasa tano hazitatosha, utaanza kuomba ya sita.

Mzunguko wa maji ufundishe tena kwa sufuria wiki hii. Acha siku tatu zipite, kisha wape maswali yaleyale matano, bila kuwatangazia. Uniandikie namba ya tatu, hata kama ni 18.